Kwa nini barua pepe ya mteja mmoja inaangukia kwenye rekodi ya mteja mwingine?

#1 Karani wa Shangani

Habari za jioni, wakuu. Nafanya kazi katika ofisi ya wakala wa forodha hapa Mtwara mjini. Tupo watu saba, na kazi yetu kubwa huja kuanzia Oktoba, korosho zinapoanza kushuka kutoka Newala, Tandahimba na Masasi. Kabla ya msimu uliopita bosi alinunua mfumo wa kumbukumbu za wateja, ambao jina lake sitalitaja, akauunganisha na barua pepe za ofisi. Sasa ukifungua barua yoyote, kulia mwa skrini hujitokeza kidirisha chenye jina la mteja, simu yake, mizigo yake na barua zake zote za nyuma. Tuliambiwa kwamba hatutapanga tena chochote kwa mkono, kwa kuwa kila barua itakwenda yenyewe kwenye rekodi inayoihusu.

Mwezi wa kwanza tulifurahi. Kisha, Jumatatu moja ya Novemba, mnunuzi wetu wa Vietnam aliandika kuulizia cheti cha afya ya mimea cha makontena yake manne. Kichwa cha barua kilikuwa "RE: RE: RCN Mtwara" (RCN ni korosho ghafi), na mfumo ukaibandika kwenye rekodi ya mnunuzi wa India. Mwenzangu anayemhudumia yule Mhindi aliikuta pale, akaamini ni ya mteja wake, akaandaa majibu yenye jina la meli na gharama zote, akayaelekeza India. Nilipita nyuma ya kiti chake nikaona namba za makontena ambazo nilizijua kwa kichwa, kwa sababu ni mimi niliyesimamia upakiaji wake. Alikuwa amebakiza kubonyeza kitufe tu.

Tangu siku hiyo nimehesabu barua 31 zilizopotea njia kwa namna hiyo. Dai langu ni kwamba kuunganisha rekodi na barua pepe kiotomatiki kuna hasara kuliko kutounganisha kabisa, maana barua isiyokuwepo utaitafuta, lakini iliyokaa mahali pasipo pake hujui hata kama inakosekana. Naomba wajuzi mniambie: mfumo huu unaangalia nini hasa unapoamua kwamba barua fulani ni ya mteja fulani?

#2 Fundi wa Seva

Swali zuri, Karani. Kwa kuwa hukutaja mfumo, nitaeleza njia zinazotumika kwa jumla, nawe utaona yako iko wapi.

Njia ya kwanza ni anwani ya mtumaji. HubSpot, mojawapo ya mifumo hii, humtambua mtu kwa anwani yake ya barua pepe, na kampuni kwa sehemu inayofuata alama ya @. Anwani ikiwa ya mtu mmoja na ikabaki ileile, njia hii haina tatizo. Njia ya pili ni alama inayobandikwa kwenye kichwa cha barua. Dynamics 365 ya Microsoft inaweza kuongeza herufi CRM, nukta mbili na tarakimu kadhaa mwishoni mwa kichwa. Mteja akijibu, alama inarudi nayo na mfumo unajua pa kuipeleka. Njia ya tatu ni mistari iliyofichwa ndani ya barua yenyewe. Kila barua pepe hubeba Message-ID, yaani namba yake ya pekee, na ikiwa ni jibu hubeba pia mistari ya In-Reply-To na References inayotaja namba za barua zilizotangulia. Mistari hii si mambo ya jana: imo katika waraka wa kanuni za barua pepe uitwao RFC 822, wa mwaka 1982, na ule unaotumika sasa, RFC 5322, ni wa mwaka 2008. Odoo, kwa mfano, huitumia kurudisha jibu mahali pake.

Ipo na njia ya mkono. Salesforce humpa mfanyakazi anwani ndefu ya siri ya kuweka kwenye nakala fiche, na barua ikifika huko hutafutiwa rekodi. Isipopata, hubaki pembeni ikisubiri mtu aipangie.

Sasa nijibu: vichwa vya barua zenu vina alama yoyote ya tarakimu mwishoni?

#3 Binti Mikindani

Kabla Karani hajajibu, naomba niitilie shaka kidogo hiyo njia ya kwanza ambayo Fundi anasema haina tatizo. Mimi napokea maombi ya vyumba katika nyumba ya wageni huku Mikindani, na mfumo wetu unatambua watu kwa anwani tu. Gmail haijali nukta zilizo kabla ya alama ya @. Mgeni akiandika jina lake kwa nukta leo na bila nukta kesho, barua zote mbili zinafika kwenye kisanduku kilekile, lakini mfumo wetu unamwona kuwa watu wawili, mmoja aliyelipa amana na mwingine anayedaiwa. Tulimdai mama wa watu mara mbili, akaja na risiti yake mkononi. Sina la kusema zaidi ya aibu niliyoipata.

#4 Mzee wa Masjala

Salaam. Nimestaafu, na miaka yangu mingi ya kazi niliimaliza masjala, Lindi na baadaye Mtwara. Mnanichekesha ninyi vijana, kwa sababu hicho anachokieleza Fundi katika njia ya pili sisi tulikiita Kumb. Na. Chukueni barua yoyote ya serikali muitazame juu kushoto. Mtakuta maneno "Unapojibu tafadhali taja", kisha namba. Mwandishi alikuwa anambebesha mpokeaji kazi ya kuirudisha ile namba, ili jibu likifika karani asihitaji kusoma barua nzima wala kumjua aliyeiandika. Anaangalia namba, anavuta jalada, anaipa barua folio inayofuata, yaani namba yake ndani ya jalada, anaandika kwenye rejista ya barua zinazoingia, basi.

Na udhaifu wake ulikuwa huohuo. Watu walijibu bila kutaja namba. Wengine walinakili namba ya barua nyingine iliyokuwa mezani. Hapo ndipo ulipomtambua karani anayejua kazi, kwa sababu alisoma barua na kujiuliza inahusu nini, hakuangalia jina lililo chini yake peke yake. Nilikuwa na mwenzangu aliyeweka barua zote za mwalimu mmoja kwenye jalada moja, za likizo, za mkopo na za ujenzi wa choo cha shule, kwa sababu zote zilisainiwa na mtu yuleyule. Mkaguzi alipoulizia choo, tulilitafuta siku tatu.

#5 Karani wa Shangani

Nashukuru, Mzee wangu. Fundi, nimeuliza ofisini leo. Alama ilikuwepo mwanzoni, lakini bosi aliagiza iondolewe mwezi Septemba. Alisema inachafua kichwa cha barua na inatufanya tuonekane kama watu wa matangazo. Mimi binafsi sikuiona tena baada ya hapo na nikadhani ndivyo mfumo ulivyo.

#6 Fundi wa Seva

Basi jibu nusu tumelipata. Alama ikiondolewa, baadhi ya mifumo haiachi kutafuta, bali huanza kulinganisha. Katika Dynamics, njia hiyo huchukua maneno ya kichwa cha barua, ikayaondoa yale ya RE na FW, ikatazama na watu waliomo kwenye barua, kisha ikauliza: kuna barua ya zamani inayofanana na hii? Ikipata ya kutosha kufanana, huziunganisha. Sasa fikiria ofisi ambayo barua zake zote za Oktoba hadi Januari zina kichwa "RCN Mtwara", na ninyi wafanyakazi saba mmo kwenye nakala za kila barua. Kwa macho ya mfumo, Mvietnam na Mhindi wameandika barua zinazolingana kwa sehemu kubwa.

Kwa hiyo, kwa heshima zote, mfumo haukukosea. Ninyi ndio mliounyima namba, kisha mkaupa vichwa vya barua visivyotofautiana.

#7 Nangurukuru

Mimi sikubaliani na Fundi, na nasema hivyo kwa kuwa yalinikuta. Ofisi niliyowahi kuifanyia kazi huku Kilwa iliunganisha mfumo wa wateja na barua pepe, tukalalamika miezi miwili kwamba barua hazionekani kwenye rekodi. Alikuja fundi kutoka Dar es Salaam akatazama dakika kumi tu. Kompyuta ya mapokezi ilikuwa imewekwa kwa POP, ule mtindo wa zamani unaoshusha barua kwenye mashine moja na kuifuta kwenye seva. Mfumo ulikuwa unasoma seva, na seva ilikuwa tupu kila saa mbili asubuhi, mara tu dada wa mapokezi alipowasha kompyuta yake. Tulipohamia IMAP, ambayo huziacha barua kwenye seva ili kila mashine izione, shida iliisha. Karani, kaangalieni mipangilio ya kompyuta zenu kwanza, kabla ya kulaumu vichwa vya barua.

#8 Fundi wa Seva

Ndugu Nangurukuru, kisa chako ni cha kweli na nimekutana nacho zaidi ya mara moja, ila naomba nirekebishe jambo moja. POP hufanya barua zisionekane kwenye rekodi yoyote. Haiwezi kuichukua barua ya Mvietnam na kuiweka kwa Mhindi. Tena POP si lazima ifute. Upo mpangilio wa kuacha nakala kwenye seva, ila wengi hawauwashi. Ugonjwa wa Kilwa na wa Shangani unafanana homa tu.

#9 Nangurukuru

Nimekubali nusu. Nusu iliyobaki naishikilia, kwa sababu Karani amehesabu barua zilizoonekana mahali pasipo pake, na hajatuambia ni ngapi hazikuonekana kabisa. Watu wa Mtwara mna haraka ya kufunga kesi.

#10 Salfa na Bomba

Mnazungumzia wanunuzi wa nje ambao kila mmoja ana anwani ya kampuni yake. Njooni kwetu tunaouza pembejeo muone. Wateja wetu wakubwa ni vyama vya msingi vya ushirika, AMCOS, na wakulima wenye mashamba ya kutosha. Kuanzia Mei mikorosho inapokaribia kupuliziwa, tunapokea maombi ya salfa na mashine za kupulizia kwa barua pepe, kwa sababu kampuni ilitaka oda zote ziandikwe.

Mwaka wa kwanza tulikuta rekodi moja ya mteja ina oda za vyama vinne, wakulima sita na barua moja ya maombi ya kazi ya udereva. Nilipiga simu. Aliyepokea ni kijana wa steshenari mmoja kule wilayani. Katibu wa AMCOS anakwenda na karatasi aliyoandika kwa kalamu, kijana anaichapa, anaituma kwa anwani yake mwenyewe, anatoza elfu moja. Kwa mfumo wetu, yeye ndiye mteja mkubwa kuliko wote kusini. Mpaka leo ana rekodi yenye kiwango cha juu cha mkopo, ingawa hajawahi kununua hata kilo moja ya salfa.

Tatizo la pili ni anwani za makatibu wenyewe. Chama kikichagua katibu mpya, yule wa zamani anaondoka na anwani yake, kwa sababu ilikuwa ya simu yake. Barua za chama, madeni na makubaliano yote, zimefungwa kwenye jina la mtu ambaye sasa anauza samaki feri. Tukimwandikia, anajibu kwa adabu kabisa kwamba hahusiki.

#11 Mzee wa Masjala

Huyo kijana wa steshenari ndiye masjala ya wilaya. Mpeni na kofia.

Nikirudi kwenye jambo lenyewe, sisi tulitofautisha anayeandika na anayeandikiwa kwa niaba. Barua ilifunguliwa jalada kwa cheo, si kwa jina. "Katibu, Chama cha Msingi" hafi wala hahami, wanaohama ni watu. Sijui kama mifumo yenu inaruhusu jambo hilo.

#12 Salfa na Bomba

Inaruhusu, Mzee. Unaweza kuandikisha chama kama mteja na katibu kama mtu aliye chini yake. Ila mfumo ukishapokea barua unatafuta mtu kwanza, kwa anwani, kisha kupitia mtu ndipo unakifikia chama. Ukisahau kumtoa katibu wa zamani na kumwingiza mpya, unabaki na cheo kisichofikika. Na nani anakumbuka kufanya hivyo mwezi Juni, magari ya mzigo yamejipanga nje? Tulijaribu kutumia namba ya mlipakodi, TIN, badala ya anwani, kwa kuwa kila chama kina TIN yake ya tarakimu tisa, lakini hakuna anayeandika TIN kwenye barua ya kuomba salfa.

#13 Wakili wa Ligula

Samahani kwa kuingia nikiwa nimechelewa. Nimesoma uzi wote, na naona hakuna aliyegusa upande wa sheria. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, Namba 11 ya mwaka 2022, ilianza kutumika tarehe 1 Mei 2023, na inamtaka anayekusanya taarifa za mtu azikusanye kwa kusudi linaloeleweka na azilinde zisifike kwa wasiohusika. Alichokieleza Karani, cha karibu kutuma gharama za mteja mmoja kwa mwingine, kwanza ni hasara ya kibiashara. Lakini kidirisha kinachomwonyesha kila mfanyakazi barua zote za mtu kinaweza kuwa jambo kubwa zaidi.

Nitoe mfano wa ofisi niliyowahi kuishauri. Wakati wa kujaribu mfumo, fundi aliwaandikisha wafanyakazi wenyewe kama wateja ili aone kama kuunganisha kunafanya kazi, kisha akasahau kuwafuta. Miezi minne baadaye dada mmoja alimwandikia meneja wake akiomba ruhusa ya kwenda hospitali, akaeleza na sababu. Kwa kuwa anwani yake ilikuwa imeandikishwa, barua iliingia kwenye "rekodi yake ya mteja", na kila aliyekuwa na mfumo aliweza kuisoma. Aligundua alipopewa pole na mlinzi.

#14 Binti Mikindani

Hiyo ya mlinzi imenitia uchungu. Sisi tuliweka orodha ya anwani ambazo mfumo hauruhusiwi kuzigusa, zikiwemo zote za wafanyakazi na ya mhasibu. HubSpot inayo orodha ya namna hiyo, na nadhani mifumo mingine pia. Karani, waulizeni wenzako kama yenu imejazwa.

#15 Mchukuzi

Mbona hakuna anayekumbuka intaneti? Mwezi Mei 2024 nyaya za chini ya bahari za EASSy na Seacom zilipokatika, sisi kwenye kampuni ya malori tulikaa tukipokea barua kwa kusuasua. Zilipofunguka ziliingia zote kwa mkupuo, majibu yakitangulia maswali. Mfumo ukipokea jibu kabla haujaisoma barua iliyojibiwa, utalipeleka wapi? Unabahatisha. Zaidi ya hayo, sisi tulipoona barua haijaingia tuliiunganisha kwa mkono kwa kile kitufe cha pembeni, na baadaye mfumo nao ukaiunganisha, ikawa mara mbili. Meneja akahesabu mawasiliano ya wateja yameongezeka, akatupongeza kwenye kikao. Tulipiga makofi.

#16 Fundi wa Seva

Mchukuzi, hoja ya mpangilio wa kufika ni nzuri na sikuifikiria. Ila barua za Karani ni za Novemba hadi Januari, na hakusema kwamba intaneti ilikatika. Makofi mlistahili.

#17 Karani wa Shangani

Wakuu, nimefanya nilichoweza. Jumamosi ofisi ikiwa tupu nilizifungua barua zote 31, moja baada ya nyingine, nikasoma ile mistari iliyofichwa kama Fundi alivyonielekeza kwa ujumbe wa pembeni.

Barua 19 zinakubaliana na Fundi. Zina vichwa vya "RCN Mtwara" au "Shipment", hazina alama, na hazikuwa majibu ya barua yoyote. Hapo sina ubishi. Barua tano zilitoka kwa madalali wa mizigo wanaowahudumia wanunuzi wawili au watatu kwa pamoja, anwani moja, sawa na kijana wa steshenari wa Salfa, tofauti ni kwamba hawa wanavaa tai.

Zilizobaki saba ndizo zilizonikosesha usingizi. Zina mistari ya References iliyokamilika, kila barua inataja iliyotangulia, na mfumo umeifuata mistari hiyo kwa uaminifu kabisa mpaka kwenye rekodi isiyo yake. Nilifuatilia moja. Ofisa wa kampuni ya Vietnam zamani alifanya kazi kwa mnunuzi mwingine, ambaye pia ni mteja wetu. Msimu huu, akiwa na mwajiri mpya, alihitaji kutuandikia, akatafuta barua yoyote ya zamani kutoka kwetu aliyokuwa amejitumia nakala yake, akabonyeza "jibu" ili asihangaike kuandika anwani, akaanza jambo jipya kabisa. Kichwa kipya, mwajiri mpya, mzigo mpya, lakini uzi wa ndani ni wa mwaka juzi. Hapo alama aliyoiondoa bosi ingetusaidia nini? Ingekuwepo, ingefutika pamoja na kichwa cha zamani.

#18 Nangurukuru

Na ambazo hazikuonekana kabisa?

#19 Karani wa Shangani

Nne. Umeshinda soda moja, ila uje kuichukua mwenyewe. Kompyuta ya ghalani ilikuwa kwenye POP.

#20 Mzee wa Masjala

Hizo saba ndizo nilizozungumzia katika #4. Mtu kuchukua karatasi ya zamani na kuandika jambo jipya nyuma yake ni desturi kongwe kuliko kompyuta. Dawa yetu ilikuwa kutenganisha jalada la mtu na jalada la jambo. Kila shehena iwe na jalada lake, na namba ya hati ya shehena iwe ndiyo Kumb. Na. Mteja atakuwa na majalada kumi, sawa, lakini barua ya shehena hii haitaingia kwenye ile. Tena jalada likifika folio mia moja tulilifunga na kufungua la pili, ili lisiwe gunia.

#21 Binti Mikindani

Mzee, utafurahi kusikia kwamba Gmail nayo hukata mazungumzo yakizidi barua mia moja na kuanza mengine. Labda aliyeitengeneza alipita masjala.

#22 Salfa na Bomba

Napingana na Mzee kwa heshima. Jalada kwa kila shehena linamfaa karani, halimfai bosi. Bosi alinunua mfumo ili afungue jina la mteja na aone kila kitu: anadaiwa nini, alilalamikia nini mwaka jana, alijibiwa na nani. Ukivunja barua kwa shehena, unampa vipande kumi avisome mwenyewe. Halafu barua ya kuuliza bei ya msimu ujao, ambayo haina shehena, utaiweka wapi?

#23 Mzee wa Masjala

Kwenye jalada la jumla.

#24 Salfa na Bomba

Ambalo ndilo litakalojaa kuliko yote, Mzee wangu, na tutakuwa tumerudi kwa kijana wa steshenari.

#25 Wakili wa Ligula

Kwa upande wangu nampendelea Mzee, kwa sababu jalada la jambo linaweza kufungwa jambo likiisha, na mtu asiyehusika na shehena hana sababu ya kulifungua. Jalada la mtu halifungwi kamwe. Ila naelewa kwamba Salfa anauza, na mimi siuzi.

#26 Fundi wa Seva

Mifumo mingi inaruhusu barua moja iunganishwe na mtu, kampuni na jambo kwa wakati mmoja, kwa hiyo ugomvi wa #20 na #22 unaweza kuepukika. Kinachobaki ni nani atachagua jambo. Mfumo unaweza kumjua mtu, lakini kujua kwamba barua hii inahusu makontena manne ya Novemba, si yale sita ya Desemba, bado kunahitaji mtu aisome. Kwa zile saba za Karani sioni njia nyingine zaidi ya kuzima kuunganisha kiotomatiki kwa majibu ya barua zilizopita miezi sita, na hata hilo si kila mfumo unaliweza.

#27 Karani wa Shangani

Niwape la leo. Wiki iliyopita, baada ya kumsoma Mzee, niliwaandikia wateja wetu wote wa nje nikiwaomba wataje namba ya hati ya shehena kwenye kichwa cha barua, na chini ya barua niliacha kimakosa mstari wa kiolezo chetu cha zamani unaosema "Kumb. Na." Leo asubuhi yule ofisa wa Vietnam amejibu. Kichwa cha barua yake kinasomeka "Kumb. Na.", kwa Kiswahili, herufi kubwa mahali pake na nukta zote mahali pake, kisha namba sahihi kabisa ya shehena. Nilicheka peke yangu.

Kisha nikatazama kidirisha cha kulia. Barua imeunganishwa na mnunuzi wa India.

#28 Fundi wa Seva

Alibonyeza "jibu" au aliandika mpya? Nitumie mistari iliyofichwa.

#29 Karani wa Shangani

Umeme umekatika ofisini tangu saa nane. Nitaituma kesho.

#30 Binti Mikindani

Na utazame kama anwani yake ina nukta.